Mkojo wa Paka Si Jambo la Kuchekwa

Mkulima akimshuku ng'ombe wake kuwa na ugonjwa wa kiwele, humpelekea daktari wa mifugo maziwa yake yakapimwe. Mbuzi wakikonda, kinyesi chao hutazamwa kama kina mayai ya minyoo. Hata udongo wa shamba siku hizi hutiwa katika mfuko ukapelekwa kupimwa kabla ya mbolea kununuliwa. Hakuna mtu anayecheka. Lakini mtu akionekana njiani amechukua chupa ndogo ya mkojo wa paka, kijiji kizima kitakuwa na hadithi kwa juma zima.

Kwa maoni yangu, kicheko hicho kinatupotezea paka wengi, na pamoja nao magunia ya mahindi. Paka ni mfanyakazi wa shamba. Hadai mshahara, na zamu yake huanza wakati sisi tunapolala. Wako wasemao, "Paka ni bure, huyu akifa jirani atanipa mwingine." Hayo ni maneno ya mtu ambaye hajahesabu. Mtoto wa paka huchukua miezi kadhaa kabla hajawa mwindaji wa kutegemewa, na panya jike huchukua mimba ya majuma 3 hivi tu. Panya hawatamngojea mtoto wa paka akue.

Basi tazama yanayotendeka paka anapougua njia ya mkojo. Huenda mara kwa mara mahali pa kujisaidia, akachuchumaa muda mrefu, na kinachotoka ni matone tu, pengine yana damu. Hujiramba sana chini ya mkia. Au huanza kukojoa mahali asipozoea, juu ya gunia au kitandani, naye hupigwa kwa utundu ambao kwa kweli ni maumivu. Wengine hunywa maji kupita desturi na kukojoa mkojo mwingi mweupe kama maji. Mwenye paka huyo akienda duka la agroveti hueleza maneno mawili matatu, akauziwa antibiotiki iliyobaki katika chupa ya ndama. Mwingine humvunjia kipande cha paracetamol cha watu. Huyo wa pili amemwua paka wake kwa mkono wake, kwa kuwa mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo. Hata kidonge kimoja chaweza kumwua. Jambo hili ningependa liandikwe kwa herufi kubwa katika kila duka la dawa.

Na ile antibiotiki? Paka kijana anayekojoa damu mara nyingi hana vijidudu kamwe katika kibofu. Kibofu chake kimewaka kwa sababu nyingine, au kuna chembe ngumu kama chumvi zinazomkwaruza, au amekula panya aliyekula sumu ile inayozuia damu kuganda. Paka mzee huenda figo zake zimechoka, au ana ugonjwa wa sukari. Dawa ya vijidudu haiponyi hata moja ya hayo. Fedha zimepotea, siku zimepotea, na vijidudu vingine vimefundishwa kuizoea dawa ambayo kesho ndama wako ataihitaji.

Mkojo ndio unaotenganisha magonjwa hayo. Paka wa nyumbani ni wa ukoo wa paka pori wa nchi kavu, na figo zake zilizo nzima hutoa mkojo mzito kuliko wetu sisi watu. Daktari hutia tone moja katika kipimo chake, na kwa kawaida hutazamia kuona 1.035 au zaidi. Ukiwa mwepesi kuliko hapo, huanza kuzitazama figo. Karatasi ya kupimia humwonyesha sukari na damu, na darubini humwonyesha zile chembe. Watu wengine wamekwisha kununua karatasi hizo za hospitali wakajipimia wenyewe. Si vizuri, kwa sababu baadhi ya vipimo vilivyo juu yake vilitengenezwa kwa mkojo wa watu, navyo husema uongo kwa paka.

Kwa nini mkojo ukusanywe nyumbani, wala paka asipelekwe tu? Afadhali apelekwe pia, akaguliwe mwili. Lakini paka aliyefungwa katika kikapu akabebwa juu ya pikipiki huogopa sana, na paka aliyeogopa sukari yake hupanda katika damu, pengine ikafika katika mkojo. Tena huenda akajikojolea njiani, akafika kwa daktari kibofu kikiwa kitupu. Mkojo wa nyumbani, hasa ule wa kwanza wa asubuhi, hueleza habari za siku zote.

Kazi yenyewe si ngumu, ila yataka subira. Paka wa shambani amezoea kujisaidia nje, basi jioni mfungie katika chumba kidogo, pamoja na maji yake na mahali pa kulala. Weka karai pana lisilo na kina, lililooshwa likasuuzwa sana hata lisibaki na sabuni. Dawa ya kung'arisha nguo ndiyo mbaya kuliko zote, maana masalio yake huifanya karatasi ya daktari ionyeshe damu isiyokuwapo. Paka hapendi chombo kitupu; ataka kitu cha kuchimba. Lakini mchanga na taka za mbao hunywa mkojo wote, na majivu, ambayo paka wa jikoni huyapenda sana, huuharibu kwa magadi yake. Tia kokoto ndogo laini za mtoni zilizooshwa na kukaushwa, au shanga za plastiki, kiasi cha kufunika chini tu. Wengine walikuwa wakikata mifuko ya nailoni vipande vipande. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku nchini mwaka 2017 shanga ndizo rahisi kupata, na baada ya kuoshwa hutumika tena.

Asubuhi inamisha karai, uvute mkojo kwa sirinji mpya isiyo na sindano, uutie katika chupa safi yenye kifuniko. Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, chatosha. Usitumie chupa iliyokuwa na asali au jemu, usije ukamletea daktari sukari ya dukani akadhani ni ya paka. Paka mpole aweza kutegwa kwa upawa wenye mpini mrefu, ukisukumwa polepole chini yake mara anapoanza kukojoa. Bibi wa nyumba mmoja mwenye mkono mwepesi huishinda dawa ya usingizi. Lakini mtu yeyote asimbinye paka tumbo ili mkojo utoke. Kibofu kilichojaa chaweza kupasuka.

Baada ya hapo mwendo ni wa haraka. Mkojo ukikaa kwenye joto, vijidudu huzaana ndani yake, na chembe za damu huvunjika. Asiye na jokofu aifunge chupa kwa kitambaa kilicholowa maji, na ajitahidi kumfikia daktari katika muda wa saa moja au mbili. Mwenye jokofu aweza kuiweka humo, si mahali pa barafu, na kuipeleka siku ile ile. Amwambie daktari kwamba ilitiwa baridi, kwa maana baridi nayo huzalisha zile chembe. Andika juu ya chupa jina lako na saa ya mkojo. Kama paka amekwisha pewa dawa yoyote, sema bila haya. Ikiwa daktari anatafuta vijidudu hasa, atataka kuchukua mkojo mwenyewe kwa sindano kutoka katika kibofu, kwa sababu ule wa karai umechanganyika na uchafu. Mikono ioshwe kwa sabuni, na mama mjamzito amwachie mwingine kazi ya karai, kwa ajili ya ugonjwa unaopatikana katika kinyesi cha paka.

Liko jambo moja lisilongoja karai wala asubuhi. Paka dume ana njia ya mkojo nyembamba sana. Akijikamua, akilia, na hakuna hata tone, njia imeziba. Watu husema ana choo kigumu, wakampa mafuta. Huku sumu ambayo figo zingeitoa yabaki mwilini, na potasiamu huzidi katika damu hata moyo ukasimama. Aweza kufa katika siku mbili au tatu, au kabla yake. Huyo apelekwe usiku huo huo.

Neno langu la mwisho si kwa wakulima. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo kwa sehemu kubwa zimo mikononi mwa serikali za kaunti, na ofisi zao zimejaa kazi ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Jambo hilo ni haki. Lakini mkulima aliyetembea maili tatu na chupa ya mkojo wa paka asipokewe kwa kicheko na msaidizi wa daktari, kwa maana hatarudi tena, hata siku atakapokuwa na ndama mgonjwa. Ningeomba kila ofisi itenge saa za asubuhi za kupokea vitu vya kupimwa, iwe ni maziwa, kinyesi au mkojo, vya mnyama yeyote. Na bei ya kupima iandikwe mlangoni, ili mtu ajue kabla ya kuingia kama fedha alizo nazo zatosha.