Tuache Kukisingizia Kiti

Kiongozi akiharibu, hukumu yetu huwa tayari kabla hata mahakama haijakaa: madaraka yamemlevya. Husemwa kijiweni, husemwa msibani, huandikwa magazetini, na msemaji hutikisa kichwa kwa masikitiko kana kwamba anamzungumzia mgonjwa. Alikuwa kijana wetu mzuri, msikivu, mcha Mungu, hapiti mtu bila kumsalimia; kiti ndicho kilichomharibu.

Sikubaliani hata kidogo. Kiti ni mbao na kitambaa. Hakijawahi kumfundisha mtu wizi wala ukatili. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kumwondolea aliyekikalia watu wa kumwambia hapana. Yanayofuata yalikuwamo ndani yake tangu mwanzo, kama yalivyomo ndani yangu na ndani yako.

Angalia imani hii inamfaa nani. Kwanza inamfaa mkosaji. Mlevi huonewa huruma. Husemwa si yeye, ni pombe. Aliyekula fedha za zahanati anageuka kuwa mtu aliyepatwa na jambo. Pili, inatufaa sisi. Ikiwa ubaya unatoka kwenye kiti, basi sisi tusio na kiti tu wasafi kwa sababu hiyo tu, na dawa ni kumtafuta mtu ambaye kiti hakitamweza: mtu safi, asiye na tamaa, mwenye hofu ya Mungu. Kila baada ya miaka mitano tunamtafuta, tunadhani tumempata, na baada ya muda tunarudi kijiweni kutikisa vichwa.

Wasomi wetu wanapoitetea imani hii humwita shahidi Mwingereza, Lord Acton, yule aliyeandika kwamba madaraka huelekea kumharibu mtu. Wangesoma barua nzima wangemwacha apumzike. Acton aliiandika mwaka 1887 kwa Mandell Creighton, mwanahistoria aliyekuwa ameandika habari za mapapa wa zamani kwa upole ambao Acton aliuona umezidi. Hoja yake ilikuwa kwamba wakubwa wasipewe unafuu. Wahukumiwe kwa ukali uleule wa watu wengine, na kama kuna tofauti, wao wabanwe zaidi. Maneno yaliyoandikwa kuwanyima wakubwa kisingizio, leo ndiyo tunayowapa yawe kisingizio.

Lakini Acton hasomwi sana huku kwetu. Imani hii tumeilea zaidi kwa namna tunavyosoma hadithi. Muulize mwanafunzi wa Kenya aliyefanyia mtihani tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea akueleze kuhusu Majoka, mtawala wa Sagamoyo. Atakupangia sifa zake kama alivyofundishwa: katili, mbinafsi, mnafiki, mwenye tamaa. Atapata alama zake na ataondoka akiamini kwamba uovu wote wa Sagamoyo umekaa ndani ya mtu mmoja. Mamapima, anayeuza pombe haramu kwa kibali cha utawala huohuo, ataambulia mistari miwili. Ngurumo, mlevi anayefurahia soko la wenzake kufungwa, ataonekana wa kuchekesha. Na hao ndio mwandishi aliotuwekea tujitazame. Majoka peke yake hawezi kufunga soko. Anahitaji watu wanaopata chochote kidogo likifungwa.

Kithaka wa Mberia amelisema hilo waziwazi zaidi katika Kifo Kisimani. Mtawala wa Butangi, Bokono, ana askari, ana washauri, ana jela. Bado Mwelusi, kijana anayempinga, hafi mikononi mwa askari. Anauawa na Gege, ndugu yake wa tumbo moja, aliyeahidiwa kumwoa binti wa mtawala. Gege hana kiti chochote. Hajawahi kuamuru hata mtu mmoja. Kama madaraka ndiyo yanayolevya, huyu alilewa nini? Harufu tu ilimtosha.

Au chukua Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha George Orwell, iliyotoka Nairobi mwaka 1967. Wengi huieleza kama habari ya viongozi waliokuwa wema wakaharibika polepole. Sivyo ilivyo. Siku ileile ya kwanza ya uhuru, wanyama wakiwa shambani wanavuna, maziwa yaliyokamwa asubuhi yanatoweka. Baadaye inajulikana kwamba nguruwe wanayachanganya kwenye chakula chao, na matufaha nayo yanakuwa yao. Orwell mwenyewe aliandika katika barua ya mwaka 1946 kwamba mahali pale pa maziwa na matufaha ndipo hadithi inapogeukia. Maziwa yalipotoweka, nguruwe hawakuwa wametawala hata wiki. Kilichokuwepo ni ndoo za maziwa na kundi zima la wanyama lililokubali kuelezwa kwamba wenye akili wanahitaji lishe zaidi.

Naye Mwalimu Nyerere, aliyeifasiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 na kuirekebisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, alituletea kwa Kiswahili tukio linalonikereketa kuliko yote. Bruto amemuua Kaizari kwa kuhofia kwamba atajifanya mfalme. Anasimama mbele ya wananchi wa Roma na kuwaeleza kwamba alifanya vile ili wao wasiwe watumwa. Wanamshangilia. Na katikati ya shangwe, maiti haijazikwa, mmoja anapaza sauti kwamba Bruto naye afanywe Kaizari. Watu wameambiwa wako huru, na ombi lao la kwanza ni bwana mpya.

Najua nitakalojibiwa. Tumewaona kwa macho yetu, wapigania uhuru na wapigania mageuzi waliokuwa wanyenyekevu, wakaingia ikulu wakageuka. Kweli mwenendo wao uligeuka. Ila anayeomba kura ni mpole kwa sababu anatuhitaji, na akishaapishwa haja hiyo inakwisha. Hatukuwahi kumjua alivyo pale asipotuhitaji. Tulimjua mwombaji tu, tukaiita hali hiyo unyenyekevu.

Tazama Mobutu. Huelezwa kama askari aliyechukua nchi kwa nia njema, utajiri na sifa zikamharibu. Lakini mnamo Septemba 1960, miezi michache tu baada ya Kongo kupata uhuru, alikwisha kuwaweka pembeni rais na waziri mkuu kwa mkupuo mmoja. Lumumba, waziri mkuu huyo aliyekuwa amempandisha cheo, alikamatwa na askari wa Mobutu, akapelekwa Katanga na kuuawa Januari 1961. Mobutu alipotwaa urais Novemba 1965 alitangaza kwamba ataongoza kwa miaka mitano. Aliondoka Mei 1997, tena kwa kufukuzwa na waasi. Yuko wapi hapo Mobutu mwema aliyeharibiwa na kiti? Alikuwa yuleyule tangu mwanzo, isipokuwa idadi ya waliothubutu kumkatalia ilipungua mwaka hadi mwaka.

Wengine watanijibu kwa Nyerere: huyu alikaa kwenye kiti zaidi ya miaka ishirini na hakujilimbikizia mali, basi mtu mwema akipatikana inatosha. Namheshimu Mwalimu, na ndiyo maana namtumia kama ushahidi wangu. Chini ya mtu mwema huyo, sheria ya mwaka 1962 iliruhusu watu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Wema wake haukuwafungulia mlango waliokuwa ndani. Azimio la Arusha la 1967 liliweka miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipangishe nyumba, asipokee mishahara miwili. Mwalimu aliacha urais mwaka 1985 na uenyekiti wa chama mwaka 1990. Mwaka 1991, katika kikao cha chama kilichofanyika Zanzibar, miiko hiyo ililegezwa. Ilikuwa imesimama kwa nguvu ya mtu mmoja, naye alipotoka mlangoni ilitoka naye.

Sasa ilinganishe na jambo lisilo na mvuto wowote, marekebisho ya mwaka 1984 ya katiba ya Tanzania, yaliyoweka ukomo wa vipindi viwili vya urais vya miaka mitano mitano. Mwinyi aliondoka 1995, Mkapa 2005, Kikwete 2015. Watu watatu wenye tabia tatu tofauti kabisa walipitia mlango mmoja kwa tarehe inayojulikana. Hakuna aliyelazimika kuwapima mioyo. Na palipotokea, wakati wa Magufuli, sauti za kutaka ukomo huo uondolewe, zilikuwamo sauti za wabunge na makada, yaani watu wa chini yake. Bruto afanywe Kaizari, kwa mara nyingine.

Ukomo wenyewe si muujiza. Uganda iliuandika katika katiba ya 1995, wabunge wakauondoa mwaka 2005. Mwaka 2017 wakauondoa na ukomo wa umri. Hapo hakuna aliyeleweshwa na kiti cha rais, kwa kuwa si wao walioketi juu yake. Kila mbunge alikuwa na sababu yake, kama Gege na binti wa mtawala.

Tamaa hii ya kuamuru haiko ikulu peke yake. Panda daladala Dar es Salaam saa kumi na mbili asubuhi. Mwanafunzi hulipa nauli ndogo kuliko mtu mzima, kwa hiyo kila mwanafunzi anayeingia anampunguzia konda hesabu ya tajiri. Konda anaweka mkono mlangoni: wanafunzi wawili tu. Watoto kumi wenye sare wanabaki kituoni, mabegi mgongoni, wakitazamana. Konda huyo ni maskini, anabanwa na tajiri, anabanwa na trafiki, hakuna anayemwita mheshimiwa. Lakini kwa sekunde ishirini yeye ndiye mwenye mlango, na abiria tuliokwisha kukaa tunatazama dirishani. Au nenda na shida yako ya barua ya utambulisho kwenye ofisi ya mtaa ukute mhuri umefungiwa kwenye droo, na mwenye droo anakuuliza, taratibu, umekujaje. Au ingia ndani ya nyumba, kwa mume anayepekua simu ya mkewe kila usiku na kusema ni mapenzi. Hao wote wanalalamika juu ya serikali iliyolewa madaraka.

Sisemi kwamba sisi sote ni wabaya. Kupenda kusikilizwa ni jambo la kawaida la binadamu, na bila hilo nani angekubali kukaa vikao hadi usiku wa manane kwa ajili ya shule ya kata? Ninachosema ni kwamba hali hiyo imo ndani ya kila mtu, na mpango wowote unaotegemea kumpata asiye nayo ni mpango wa kushindwa.

Walio na jibu hawako chuo kikuu. Nenda kwenye kikundi cha kina mama wa vikoba, mfumo wa kuweka na kukopeshana fedha uliotokana na ule ulioanzishwa Niger mwaka 1991 na shirika la CARE. Katikati ya mkutano kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na wanachama watatu, na sanduku lenyewe analala nalo wa nne. Halifunguliwi ila mbele ya wote, siku ya mkutano. Hela zinahesabiwa kwa sauti, kitabu cha mwanachama kinagongwa mhuri akitazama, kisha kufuli zinafungwa moja baada ya nyingine.

Kina mama hao wanapendana. Wamezikiana, wamechezeana ngoma, wamepokeana watoto. Mshika fedha ni mtu waliyemchagua wenyewe kwa uaminifu wake. Na bado wamemwekea kufuli tatu, naye haoni kwamba ametukanwa. Akishukiwa, kufuli hizo ndizo zitakazomtetea. Hawakupoteza muda kuchunguza kama moyo wake ni safi. Walijiuliza tu, siku roho yake ikimtuma vibaya itakuwaje. Na vikundi vinavyovunjika, mara nyingi havivunjiki kwa ubaya wa mshika fedha peke yake. Vinavunjika pale mwenye ufunguo wa pili aliposema amechoka kuja, akamwachia mwenzake funguo zote.

Kwa hiyo mgombea akija kwenye mkutano akatuambia yeye ni mtoto wa maskini, hana tamaa, anamwogopa Mungu, tusimpigie makofi kwa hayo. Huenda ni kweli, na hayatusaidii. Tumuulize maswali ya kina mama. Nani mwingine atasaini hundi? Hesabu zitasomwa mbele ya nani, na tarehe ngapi? Mkaguzi, hakimu au mwandishi wa habari akikukatalia jambo, siku hiyo atalala nyumbani kwake au atalala rumande? Asiyekuwa na majibu asipewe kura, hata akiwa malaika. Na akiyatoa majibu, kazi inabaki kwetu wenye funguo, kuja kwenye kila mkutano na kukataa kumwachia mtu funguo zote, hata yule tunayempenda.