Fulana Haziogelei



Kuna habari njema, na kuna habari ambayo lazima isemwe hata kama itawaudhi baadhi ya watu. Habari njema ni kwamba vijana wetu hapa Uingereza wameamua kuchangisha fedha za madarasa ya nyumbani kwa jasho lao wenyewe. Kwa siku moja wataogelea maili moja katika ziwa Ullswater, watazunguka kwa baiskeli hadi Ambleside na kurudi kupitia Kirkstone Pass, kisha watapanda mlima Helvellyn. Habari ya pili ni kwamba fulana zimekwisha kuchapishwa, ukumbi wa chakula cha usiku umekwisha kulipiwa, michango imeanza kumiminika, na wengi wa walioandikisha majina hawajui kuogelea.

Sisi tunasema michango isimame. Hatusemi irudishwe, wala hatusemi safari ifutwe. Isimame mpaka wapatikane waogeleaji.

Hatusemi hivi kwa kuona kwamba michezo hii ni ya wazungu. Kauli hiyo ndiyo ya kwanza tunayoipiga vita. Takwimu za Sport England zilizonukuliwa sana mwaka 2020 zilionyesha kwamba watu wazima weusi 95 katika kila 100 hapa England hawaogelei. Sisi tunaoishi hapa tunazijua sababu, na hakuna hata moja iliyomo katika damu ya mtu: wazazi wanaofanya kazi zamu mbili, ada za mabwawa, mabinti wasiopatiwa saa za faragha, na nywele zisizoingia katika kofia ya kawaida. Mwaka 2021 shirikisho la kuogelea duniani, lililoitwa FINA wakati huo, lilikataa kofia kubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya nywele nene zisitumike mashindanoni. Likaja kuziruhusu mwaka 2022. Vikwazo hivyo vimewekwa na watu, na watu wanaweza kuviondoa. Lakini kikwazo hakiondoki kwa kujifanya hakipo.

Mwingine atatuambia: sisi ni watu wa pwani, maji tumezaliwa nayo. Hapana. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje ulianza mwaka 2011 na ukaingia katika kazi ya kufundisha wasichana kuogelea, wakiwa wamevaa nguo za kusitiri mwili mzima, wengine wakianza kwa kushikilia madumu matupu ili waelee. Ni wasichana waliokua hatua chache kutoka baharini. Kuzaliwa karibu na maji si kuyajua maji. Mwaka huo huo wa 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na mwaka 2012 ikazama Skagit karibu na Chumbe. Hatudai kwamba kuogelea pekee kungewaokoa wote. Meli iliyojazwa kupita kiasi ni kosa la waliyoijaza na walioiruhusu. Tunachosema ni kwamba jumuiya iliyozika watu wengi kiasi hicho haina ruhusa ya kuyafanyia maji mzaha.

Tuingie katika hesabu, maana kazi yetu ni uhandisi, na hesabu haipendelei mtu.

Tuanze na maji. Maili moja ni mita 1,609. Katika bwawa la mita 25 ni kwenda ukuta hadi ukuta mara 64 na ziada. Anayezimaliza hizo bado hajawa tayari kwa ziwa. Bwawani maji ni ya vuguvugu, sakafu inaonekana, na ukuta uko karibu. Ziwani hakuna sakafu wala ukuta, na maji huondoa joto mwilini karibu mara 25 kuliko hewa. Mtu asiyezoea akiingia ghafla katika maji baridi, dakika ya kwanza pumzi humtoroka: huhema bila kutaka, na akihema kichwa kikiwa chini, hunywa maji. Hata mwogeleaji hodari hupatwa na hali hiyo. Dawa yake ni kujua kulala chali na kuelea mpaka pumzi irudi, jambo ambalo mwili hujifunza kwa kurudiarudia, chini ya uangalizi, wiki baada ya wiki. Kanuni za mchezo huu hapa Uingereza humlazimisha mwogeleaji kuvaa suti ya mpira maji yakiwa chini ya nyuzi 14, na yakiwa chini ya nyuzi 11 watu hawaogelei kabisa. Kanuni hizo ziliandikwa na watu wanaoyajua maji hayo.

Tukija kwenye baiskeli, hapa ndipo tunapoona fedha nyingi zikipotea. Barabara ya kutoka Ambleside hadi Kirkstone, ambayo wenyeji wameipa jina la The Struggle, inapanda karibu mita 400. Chukua kijana wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 10. Kuinua kilo 80 kwa mita 400 kunahitaji kilojuli 314 hivi, bila kuhesabu upepo na msuguano. Akiwa na miguu ya kutoa wati 150, atatumia kama dakika 35. Sasa mpe baiskeli ya bei mbaya iliyo nyepesi kwa kilo mbili: ataokoa chini ya dakika moja. Lakini akifanya mazoezi mpaka afikishe wati 180, ataokoa karibu dakika sita, na mazoezi hayauzwi dukani. Tena kuna kuteremka, ambako hakuna anayekutaja. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne, na Kirkstone mvua ni jambo la kawaida.

Kuhusu mlima, tumesikia vicheko. Helvellyn ina mita 950; haifikii hata sehemu moja ya sita ya Kilimanjaro yenye mita 5,895. "Hicho ni kichuguu," wanasema. Lakini anayepanda Kilimanjaro huongozwa na mwenyeji, hubebewa mizigo na wapagazi, na hupewa siku kadhaa. Helvellyn wataipanda wenyewe, alasiri, miguu ikiwa imekwisha. Kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, na upepo na ukungu huongeza yake. Ukingo wa Striding Edge ni mwembamba kama tuta la shamba, na pande zote mbili ni poromoko. Msanii Charles Gough alikufia hapo mwaka 1805, na mwili wake haukuonekana kwa miezi mitatu. Leo mtu akikwama huko, wanaomfuata ni waokoaji wa kujitolea, wasiolipwa, wanaoacha kazi zao na watoto wao. Kuwaita kwa sababu ya bahati mbaya ni haki ya kila mtu. Kuwaita kwa sababu ya uvivu wa kujiandaa ni dhuluma.

Jambo lililo kubwa kuliko yote hayo ni viungio. Mhandisi yeyote atakwambia kwamba daraja mara nyingi huanza kuharibika pale vipande vinapokutana. Ndivyo ilivyo hapa. Mtu akitoka majini mwili wake huendelea kupoa kwa muda, vidole vimekufa ganzi, na vidole hivyo hivyo ndivyo vinavyotakiwa kubana breki. Akishuka kwenye baiskeli ana njaa na miguu mizito, na akili iliyochoka ndiyo inayotakiwa kusoma ramani kwenye ukungu. Kwa hiyo anayejizoeza kuogelea Jumatatu, baiskeli Jumatano na mlima Jumamosi hajajizoeza changamoto hii bado. Lazima aviunganishe.

Wapo watakaotuambia tuwe na imani, Mungu atawalinda. Sisi pia tunaomba awalinde. Lakini waumini wa Kiislamu wanafahamu kwamba bedui aliambiwa amfunge ngamia wake kwanza ndipo ategemee, na ndugu zetu Wakristo wamefundishwa kwamba Mungu hajaribiwi. Dua haikuletwa ili ichukue nafasi ya mazoezi.

Wengine watasema tunawavunja moyo vijana. Tunauliza: nani anayemvunja moyo kijana, anayemwambia akajifunze au anayempigia makofi akielekea asikokujua? Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Anayempenda mwanawe humpima kabla ya kumtuma.

Basi tunapendekeza masharti matano, nayo yabandikwe mahali ambapo kila mchangiaji atayaona. Kwanza, kila mshiriki aogelee mita 1,600 bwawani bila kusimama. Pili, aingie ziwani si chini ya mara tano, penye walinzi, akiwa na suti ya mpira na boya la rangi kali, na aonyeshe kwamba anaweza kuelea chali. Tatu, apande Kirkstone na kuiteremka, na ajue kuziba pancha mwenyewe. Nne, apande Helvellyn siku ya hali mbaya akiwa na ramani na dira, simu iwe ya akiba tu. Tano, aunganishe yote matatu kwa nusu ya masafa, mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe. Mwaka mzima unatosha kwa hayo, hata ukitoa mwezi wa Ramadhani ambapo anayefunga atapunguza makali. Miezi miwili haitoshi.

Asiyetimiza sharti la maji aendeshe baiskeli na apande mlima, na jina lake lisomwe pamoja na wenzake kwa heshima ile ile. Mabinti watafutiwe saa zao bwawani na mwalimu wa kike, na kamati ilipie kutoka katika fungu lililotengwa kwa ukumbi. Wali na nyama tunaweza kuvila hata kwenye kumbi za shule.

Watoto wa madarasa hayo wamesubiri miaka. Wanaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi. Lakini hakuna mzazi kati yetu anayeweza kuelezwa, akaelewa, kwamba mwanawe amekufa maji kwa sababu fulana zilikuwa tayari. Kamati ikiyakubali masharti haya, sisi tutakuwa wa kwanza kuchangia, na siku ya mazoezi ya kwanza ziwani tutakuwa ufukweni na mablanketi na chai ya tangawizi.