Soya, magugu na dawa inayovuka mpaka wa shamba

Kabla ya mwaka 1996, mkulima wa soya nchini Marekani alipanda aina za kawaida na kuyakabili magugu kwa palizi ya trekta, kwa dawa chache zilizochaguliwa kwa uangalifu, na kwa kuitegemea soya yenyewe. Maana soya nayo hushindana: ikiota vema na kufunika udongo mapema, kivuli chake huyanyima magugu mwanga. Hatari kubwa ni majuma ya kwanza, magugu yanapoota pamoja na zao. Yanayochelewa hukuta nafasi imekwisha kuchukuliwa.

Mwaka huo kampuni ya Monsanto ilianza kuuza mbegu ya soya iliyobadilishwa vinasaba, isiyodhurika na dawa ya glaifosati. Mkulima aliweza kunyunyizia shamba zima; magugu yakafa, soya ikabaki. Ilikuwa nafuu ya kweli, wala si haki kumcheka aliyeipokea. Katika muda wa miaka ipatayo kumi, zaidi ya asilimia 90 ya soya ya nchi hiyo ilitokana na mbegu zinazostahimili viuagugu.

Lakini dawa moja ikitumika kila msimu juu ya mamilioni ya ekari, huyachagua magugu machache yanayoistahimili na kuyaachia uwanja. Mwaka 2005 usugu dhidi ya glaifosati ulithibitishwa katika jimbo la Georgia, kwenye gugu liitwalo Palmer amaranth. Gugu hilo ni la jamii moja na mchicha wetu, ila hurefuka kupita kimo cha mtu, na mmea mmoja wa kike huweza kutoa mbegu laki kadhaa.

Jibu la kampuni lilikuwa mbegu mpya zaidi, inayostahimili pia dikamba, dawa ya zamani inayojulikana kwa kugeuka mvuke na kusafiri na upepo. Soya isiyo na kinga hiyo hudhurika kwa kiasi kidogo mno cha dikamba, majani yake yakijikunja mithili ya kikombe. Mbegu iliuzwa kwa msimu wa 2016, kabla dawa iliyokusudiwa kuambatana nayo haijaidhinishwa. Baadhi ya wakulima wakanyunyizia dikamba za zamani kinyume cha sheria. Oktoba mwaka huo, mkulima mmoja wa Arkansas aliuawa kwa risasi katika ugomvi uliohusu dawa hiyo. Mwaka 2017, hata baada ya dawa mpya kuruhusiwa, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Missouri alikadiria kwamba ekari milioni 3.6 za soya ziliathirika.

Hapo ndipo penye uzito wa kimaadili. Aliyetaka kubaki na mbegu yake ya zamani alilazimika kuhesabu hasara, au kununua mbegu mpya ili tu ajikinge na jirani. Wapo walioinunua kwa sababu hiyo, na uamuzi uliofanywa kwa hofu sioni kama unaweza kuitwa uhuru wa soko. Tena mbegu hiyo ina hataza: mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kauli moja, kwamba mkulima mzee wa Indiana hakuwa na haki ya kuzalisha mbegu yenye hataza kutokana na mavuno yake bila idhini.

Katika Waraka wake wa Kitume Laudato si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko hakuzilaani mbegu za namna hii. Alikiri kwamba hakuna uthibitisho kamili wa madhara yake kwa binadamu, na kwamba mahali pengine zimeleta ukuaji wa uchumi. Alichokihofia ni ardhi kujikusanya mikononi mwa wachache na wazalishaji wadogo kutoweka. Mabishano mengi ya parokiani huishia kwenye usalama wa chakula tu, na suala la umiliki huachwa kando.

Mahakama zimefuta idhini za dikamba mara mbili, mwaka 2020 na Februari 2024. Julai 2025 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilipendekeza kuiruhusu tena. Wakati huo wote gugu halikusubiri hukumu: mwaka 2020 watafiti wa Tennessee walikwisha kutangaza kupata Palmer amaranth inayoistahimili dikamba nayo.