Sare isiwe mlango wa walima

SIFA zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Katoro na Geita, limekuwapo swali linalozigawa familia kila msimu wa harusi: je, mavazi rasmi na adabu za mwaliko bado vina nafasi katika shughuli zetu? Vijana wengi husema la muhimu ni moyo, nguo ni nguo tu. Wakubwa nao husema shughuli isiyo na sare ni shughuli ya ovyo. Sisi tunaona kuwa kila upande umeshika nusu ya haki.

Adabu za mwaliko ni sehemu ya dini. Katika Surat An-Nur tumefundishwa kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu. Katika Surat Al-Ahzab, aya ya 53, waumini walioalikwa chakula nyumbani kwa Mtume (S.A.W.) waliamrishwa waingie wanapoitwa na wakishakula watawanyike, wasibaki wakipiga soga na kumtaabisha mwenyeji. Aidha, Surat Al-A'raf, aya ya 31, inatuamuru tujipambe tunapokwenda kwenye ibada, na papo hapo inatukataza israfu. Basi kijana anayeingia kwenye nikahi na suruali iliyochanika magotini, akaongea na simu huku khutba ya ndoa ikisomwa, amemvunjia heshima aliyemwalika.

Hata hivyo, hapana budi kutofautisha mambo matatu. La kwanza ni stara, nayo ni amri ya Mola isiyotegemea harusi wala msiba. La pili ni ada njema ya mahali, kama kanzu na kofia kwa wanaume. Wanazuoni wamesema ada ni hakimu, lakini mwenye shati safi na suruali ya heshima hana dhambi kwa kukosa kanzu. La tatu ni sare, yaani kitambaa kilichochaguliwa na kamati, kikauzwa kwa waalikwa pamoja na kadi ya mchango. Hili la tatu si amri ya dini wala si ada ya wazee wetu. Ni matakwa ya mwenye shughuli, na hapa ndipo penye tatizo.

Chukua mfano wa mama anayeuza mchele sokoni, ambaye jirani yake anaoza binti. Wamechota maji pamoja na kuuguziana watoto. Ikifika zamu ya harusi anaambiwa bei ya kitambaa, gharama ya fundi na kiwango cha mchango. Hana. Siku ya walima hujifungia ndani na kusingizia homa. Ujirani wa miaka mingi unavunjwa na kitambaa kitakachovaliwa mara moja.

Katika ukanda wetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwani fedha ya madini huja na kuondoka. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulioanza uzalishaji mwaka 2009, ulifungwa mwaka 2021. Mwadui, wanakochimba almasi tangu mwaka 1940, nako uzalishaji ulisimamishwa mwaka 2020 kabla ya kurejea. Mchimbaji mdogo naye leo hupata, kesho duara halitoi kitu. Kiwango cha sherehe hupangwa siku ya neema, kisha hubaki kuwa sheria hata siku ya ukata. Wapo wanaokopa ili wasichekwe.

Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Abu Hurayra waliyoipokea Bukhari na Muslim, amekitaja kuwa chakula kiovu kabisa kile cha walima wanachoitiwa matajiri na masikini wakaachwa. Tena hadithi hiyo hiyo inamlaumu asiyeitika mwaliko. Kuitika mwaliko wa walima kumekokotezwa kiasi hicho, basi vipi tunaufungia mlango kwa kitambaa? Walima wa Mtume (S.A.W.) alipomuoa Bibi Safiyya ulikuwa wa tende, samli na maziwa yaliyoganda, bila mkate wala nyama.

Ajabu ni kwamba msibani tunaijua adabu hii vizuri. Wanawake hujitanda khanga walizonazo, mchimbaji hufika na vumbi la duara, na wote hukaa mkeka mmoja. Hakuna anayeulizwa bei ya nguo yake. Kama heshima inatimia bila sare siku ya huzuni, haishindikani siku ya furaha.

Kwa hiyo tunazisihi familia mambo manne. Sare iishie kwa maharusi na wasimamizi wao. Wengine watajiwe rangi, na asiye nayo avae nguo safi yenye stara. Mchango utenganishwe na mwaliko, na jirani aalikwe hata kama hakutoa kitu. Mlangoni ziwekwe khanga na mitandio ya akiba, ili asiyejisitiri vya kutosha asitiriwe kwa upole bila kuaibishwa. Na maimamu wayaseme haya mapema, wakati kamati zinaundwa, kwani kitambaa kikishanunuliwa nasaha huwa lawama.

Vijana nao tunawaambia: ukialikwa, jitayarishe, wahi, zima simu, na ukishakula mshukuru mwenyeji na uende. Hayo hayana bei, na tajiri na masikini wote wanayaweza.

Allah (S.W.) azijaalie ndoa zetu baraka na majirani zetu mapenzi. Wabillahi tawfiq.