Ukipiga kambi mlimani juu ya jangwa, chagua kwa afya, si kwa macho

Msomaji, misimu ya likizo ndiyo misimu ya safari. Vijana wa makanisa, vilabu vya shule na familia za mjini huchanga pesa, hukodi matatu na kuelekea kaskazini mwa nchi. Tangu lami ilipofika Marsabit katikati ya miaka ya 2010, safari ambayo zamani ilikuwa ya vumbi na misafara ya kulindwa na polisi imekuwa ya siku moja kutoka Nairobi. Hata kutoka Kebirigo kule Nyamira, kikundi kikianza mapema kupitia Kericho na Nakuru, kitalala Isiolo na kuuona mlima wa Marsabit siku ya pili.

Jambo hili ni jema. Mtoto aliyelelewa katikati ya majani chai anastahili kuliona jangwa la Chalbi. Lakini itazame barua ambayo mzazi huletewa kabla ya safari. Imeandikwa nauli, pesa za chakula, blanketi, viatu na tarehe ya kurudi. Kinachokosekana karibu kila mara ni jibu la swali hili: watalala wapi?

Maoni yangu ni kwamba mahali pa kupigia kambi ni jambo la afya kabla ya kuwa jambo la starehe, na kwamba mzazi asitoe hata shilingi kabla ya kujibiwa swali hilo. Wengi wetu huchagua kambi kwa macho. Tunataka penye mchanga laini, kivuli, mandhari ya kupigia picha na maji karibu. Katika milima inayochomoza juu ya jangwa, mambo hayo manne ndiyo mara nyingi humpeleka mtu hospitalini.

Kwanza tuielewe milima yenyewe. Marsabit ina urefu wa mita 1,707, Kulal mita 2,285, na Nyiru kule Samburu mita 2,752. Chini yake kuna nyika na jangwa lisilofika hata mita 500. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Ndiyo sababu kilele cha Marsabit kina msitu na ukungu wa asubuhi ilhali chini yake ardhi imepasuka kwa kiu. Kila mlima ni kama kisiwa cha ubaridi katika bahari ya joto. Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba, ukiweza kuchagua, ulale juu wala usilale chini. Mwili uliochoka kwa jua la mchana hupumzika vyema penye hewa baridi. Hata hivyo, kulala juu pekee hakutoshi.

Adui wa kwanza ni maji. Utashangaa, maana tunazungumza juu ya jangwa. Mito ya kaskazini ambayo huwa mikavu karibu mwaka mzima huitwa laga. Mchanga wake ni laini, umelala sawa, na kando yake kuna miti ya kivuli. Mgeni akiuona husema hapa ndipo. Kumbe mvua inaweza kunyesha mlimani, mbali sana, huku wewe ukitazama nyota, na maji yakashuka usiku kwa kishindo. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 yanaweza kulibeba gari dogo. Tazama jinsi wazee wa Gusii walivyojenga. Nyumba za Kebirigo ziko mgongoni mwa vilima. Bondeni wameachiwa mikaratusi, majani ya ng'ombe na mto wenyewe. Hekima hiyo tunaijua nyumbani, lakini tukifika ugenini tunaisahau. Hema lisimame mahali palipoinuka, mbali na ukingo wa laga, hata kama hapajanyesha kwa mwaka mzima.

Adui wa pili anaishi ardhini. Kwa mtoto wa Gusii, kichuguu ni mahali pa kuvunia kumbikumbi. Katika nyika za kaskazini, nyufa na mashimo ya vichuguu ni makao ya usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, ambaye huruka bila mlio na huuma kuanzia machweo hadi alfajiri. Usubi huyo ndiye anayeeneza kala-azar. Ugonjwa huu huleta homa isiyoisha kwa wiki kadhaa, hukondesha mwili, humaliza damu na kuvimbisha wengu. Asiyetibiwa hufa karibu kila mara. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya wagonjwa 95 kwa kila 100 wasiopata matibabu hufa. Mlipuko wa mwaka 2014 uliikumba Marsabit, na ugonjwa huo hujulikana pia Wajir, Isiolo, Turkana, Baringo na Pokot Magharibi.

Usubi huyu hupenda nyika kavu ya chini kuliko msitu wa juu, wala haruki mbali. Basi kagua ardhi mchana kabla ya kupiga kigingi cha kwanza, na ukiona vichuguu, endelea na safari. Kaa mbali pia na mashimo ya wanyama na mirundo ya mawe, ambamo nyoka na ng'e hujificha. Lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, kwa kuwa chandarua cha kawaida kina matundu ambayo usubi hupenya. Jioni vaa suruali ndefu na soksi, na usikae ukiota moto miguu ikiwa wazi.

Kuna wanaoniambia kwamba Wagabra, Warendille na Wasamburu hulala huko maisha yao yote na hawajamalizika. Ni kweli wanalala huko, na ni kweli pia kwamba watoto wa wafugaji ndio wanaoumia zaidi na kala-azar. Isitoshe, mfugaji hapigi kambi ovyo. Anajua laga ipi huleta maji, upepo hutoka wapi na wanyama hupita wapi. Ukifika, muulize mzee wa hapo kabla ya kushusha mizigo. Waulize pia polisi na askari wa wanyamapori kuhusu usalama wa sehemu hiyo wiki hiyo. Kuuliza si ujinga.

Adui wa tatu ni mbu, na hapa mtu wa nyanda za juu ana udhaifu asioujua. Anayeishi penye malaria mwaka mzima huumwa mara nyingi hadi mwili wake ukazoea kiasi kupigana nayo. Sisi wa milima yenye baridi hatuna kinga hiyo. Ndiyo sababu milipuko ya malaria iliyoingia nyanda za juu za Gusii katika miaka ya 1980 na 1990 iliwaangusha hata watu wazima wenye nguvu. Kaskazini mbu hupungua wakati wa kiangazi, lakini mvua ikinyesha huzaana kwa kasi. Baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, Wajir, wilaya ya ukame, ilikumbwa na malaria kali. Basi usipige hema kando ya dimbwi, hata kama maji yake yanameta kama kioo. Kabla ya safari, mwone daktari akushauri kuhusu dawa ya kuzuia malaria, hasa kwa watoto na mama wajawazito.

Adui wa nne tunamkaribisha wenyewe. Usiku wa mlimani ni baridi, na ukungu wa Marsabit hulowesha nguo. Vijana hutetemeka, kisha mmoja huleta jiko la makaa ndani ya hema na kufunga zipu. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Anayeivuta huumwa kichwa, husinzia, na huenda asiamke tena. Nyumbani tumewazika watu waliolala na jiko chumbani, na hema ni dogo kuliko chumba. Jiko lisiingie hemani hata kwa dakika tano. Chagua mahali panapokingwa na upepo, beba mkeka wa kuzuia baridi ya ardhi, sweta na soksi kavu za kulalia.

Upepo nao usiudharau, hasa upande wa Kulal. Kati ya mlima huo na Nyiru ndiko ilikojengwa mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo, iliyozinduliwa mwaka 2019. Hakuna mtu angepanda minara yote hiyo mahali pasipo na upepo. Upepo wa huko hung'oa hema na kujaza macho vumbi. Mwenye pumu asilale mahali pa wazi, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni wala isiwe katika mzigo uliofungwa juu ya gari. Jikinge nyuma ya kilima au mwamba imara, lakini usilale chini ya mti mkavu wala chini ya mawe yanayoning'inia.

Swali la tano ni la maji ya kunywa. Kando ya maji si mahali pa kulala, kwa sababu wenye maji ni wengine. Kule Marsabit, ndovu na nyati hushuka kunywa katika Ziwa Paradise, na anayepiga hema katika njia yao amelala barabarani. Ndani ya hifadhi tumia viwanja vya kambi vilivyotengwa, na uwasikilize askari wa hifadhi. Maji ya kunywa yabebe. Mimi huhesabu lita 5 kwa kila mtu kwa siku, mbali na ya kupikia na kunawa. Yakiisha na ukalazimika kuteka, yachemshe. Chini ya mita 2,000, yaache yatokote kwa dakika 1. Juu ya hapo, kama Kulal na Nyiru, yatokote kwa dakika 3, kwa kuwa mlimani maji huchemka kabla ya kupata moto wa kutosha. Fahamu pia kwamba visima vingi vya pembeni mwa jangwa vina chumvi, na kuchemsha hakuondoi chumvi. Mtu akihara au akitokwa jasho hadi akalegea, mpe maji ya lita 1 yaliyochanganywa vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote: kutoka hapo hadi kwa daktari ni saa ngapi? Uzuri wa mlima wa Marsabit ni kwamba hospitali iko mjini, karibu na hifadhi. Ukiwa Kulal, hospitali hiyohiyo iko mbali sana kwa njia mbovu. Fikiria mtoto aliyeumwa na nyoka saa nne usiku. Anayeumwa asikatwe kwa wembe, asifungwe kamba, asinyonywe sumu wala kubandikwa jiwe jeusi. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikisike, avuliwe pete na viatu, kisha apelekwe hospitalini haraka. Kama gari limerudi mjini na simu hazishiki, haraka hiyo itatoka wapi? Kwa kikundi chenye watoto, wazee au wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu, nasema waziwazi: chagueni Marsabit, na gari lilale kambini pamoja na dereva. Kulal na Nyiru wawaachiwe wenye nguvu, uzoefu na mwenyeji wa kuwaongoza.

Msomaji, safari haiishii mlangoni pa nyumba yako. Homa ya malaria yaweza kuanza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa. Kala-azar huweza kujificha miezi miwili, sita, hata zaidi ya mwaka. Wakati huo umesharudi Kebirigo au Nairobi, na kambi umeisahau. Daktari wa Nyamira, ambaye kila siku hukutana na malaria na homa ya matumbo, hawezi kukisia kwamba ulilala karibu na kichuguu cha Marsabit. Atakupa dawa ya malaria mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu, huku wengu likizidi kuvimba. Dawa za kala-azar zipo, na huchukua siku 17 za sindano katika hospitali zinazoutibu ugonjwa huo. Lakini kabla ya dawa ni lazima mtu ashuku. Ukipata homa, sema bila kungoja kuulizwa: "Daktari, nililala kaskazini mwezi fulani." Sentensi hiyo moja yaweza kuokoa maisha.

Walimu, wachungaji na wenye kampuni za utalii, mnapoandika barua ya safari, ongezeni mistari michache tu: jina la kambi, chanzo cha maji, hospitali iliyo karibu, na gari litakalobaki usiku. Asiyeweza kuijaza hajawa tayari kusafiri na watoto wa watu. Nawe mzazi, ukiletewa barua isiyo na mistari hiyo, irudishe kwa heshima na uiombe. Tahadhari kabla ya hatari.