Msiwasingizie Vijana

Juzi nilihudhuria hitima hapa Bagamoyo. Dua ilipomalizika, mtu mzima mmoja, mstaafu mwenye heshima zake, akaombwa atoe nasaha. Nasaha zikageuka mashtaka. Vijana wa leo, akasema, siasa hawana habari nayo. Wanajua Arsenal inacheza na nani Jumamosi, wanajua kupanga mkeka wa timu kumi na mbili, ila ukiwauliza diwani wao ni nani wanakukodolea macho. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nje, vijana hao hao, waliomchimbia marehemu kaburi, walikuwa wanatandika majamvi na kushusha masufuria ya pilau ili wazee wapate kula.

Nilinyamaza kwa adabu ya msiba. Hapa sinyamazi. Kauli hiyo nimeisikia mimbarini, redioni, kwenye vikao vya harusi na ndani ya daladala za Bunju, na kila mara husemwa kama jambo lisilohitaji ushahidi. Haina ukweli. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba inamlaza usingizi aliyepaswa kuwa macho, maana ukishasema kijana hajali, hujiulizi tena umempa nini cha kujali.

Tuuchukue huo huo mkeka. Kijana anayebeti hukaa na simu yake akachambua nani ni majeruhi, nani ana kadi nyekundu, timu gani inacheza ugenini. Mwonyeshe mechi yenye timu moja uwanjani, uone kama ataweka hata shilingi mia tano. Hataweka, na hakuna atakayemwita mvivu wala mjinga kwa kukataa. Sasa tuangalie mechi tulizomwandalia sisi. Mwaka 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wa upinzani walienguliwa kwa maelfu, wengi wakiambiwa wamekosea kujaza fomu. Watu wazima, wenye elimu zao, eti nchi nzima wamesahau kujaza fomu kwa wakati mmoja. CHADEMA ikajitoa, vyama vingine vikafuata, CCM ikazoa karibu viti vyote. Mwaka 2020 wagombea ubunge zaidi ya ishirini wa chama hicho hicho walipita bila kupingwa. Tarehe 27 Novemba 2024 tukarudi kwenye vitongoji, na CCM ikatangaziwa ushindi wa zaidi ya asilimia 98. Maeneo mengi karatasi ya kura ilikuwa na jina moja, mpiga kura akiulizwa ndiyo au hapana.

Kijana aliyezaliwa 2003 alifika umri wa kupiga kura katika nchi ya namna hiyo. Uchaguzi wenye ushindani wa kweli katika kitongoji chake amesimuliwa tu. Halafu mtu aliyeuona, aliyepiga kura 1995 na 2000 na 2005, anasimama mbele ya pilau kumlaumu kwa kutokuwa na hamu!

Hamu huja pale panapokuwa na kitu cha kugombewa. Mwaka 2010 waliojitokeza hawakufika asilimia 43 ya walioandikishwa. Mwaka 2015, Edward Lowassa alipotoka CCM akasimama na wapinzani dhidi ya John Magufuli, ikapanda hadi karibu asilimia 67. Vijana walilala kwenye foleni. Simu zilikuwepo, Bongo Fleva ilikuwepo, Arsenal ilikuwepo. Kilichobadilika ni kwamba kwa mara moja hakuna aliyejua kwa hakika nani atashinda. Miaka mitano baadaye, ushindani ulipominywa, waliojitokeza wakashuka tena hadi karibu nusu. Ugonjwa huo wa kutojali uliwatoka vijana mwaka 2015, kisha ukawarudia 2020? Ugonjwa gani unaofuata kalenda ya Tume ya Uchaguzi?

Kuna mmoja ameshanijibu kwamba mwaka 2025 karatasi ya urais ilikuwa na majina zaidi ya kumi, na Tume ikatangaza kuwa asilimia 87 walijitokeza. Sawa, majina yalikuwepo. Lakini Tundu Lissu wa CHADEMA alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini tangu Aprili, chama chake kimezuiwa kushiriki kwa kutosaini kanuni za maadili, na Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo jina lake limeondolewa. Waliobaki wengine hata wafuasi wao hawakuwajua sura. Mshindi akatangazwa kwa asilimia 97.66. Waangalizi wa SADC, watu ambao kwa kawaida husifu kila kitu kisha hupanda ndege, safari hii walisema kuwa maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kuonyesha utashi wao. Anayenihesabia majina kwenye karatasi kama ushahidi wa ushindani, na yeye ajihesabu kati ya waliolala.

Na siku yenyewe, tarehe 29 Oktoba, tuliona kilichotokea. Vijana wakaingia barabarani. Mtandao ukazimwa kwa siku kadhaa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni, na watu wakauawa. Idadi yao inabishaniwa hadi leo, na Rais akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Sisemi kila kilichofanyika siku ile kilikuwa sahihi, waliochoma mali za watu walikosea. Lakini nawauliza wale wale wa nasaha: Septemba mlisema vijana hawajali siasa. Novemba mkasema vijana wamechochewa, wamefuata mkumbo, ni wahuni. Kauli hizi mbili haziwezi kuwa kweli pamoja. Mtu asiyejali hafi barabarani kwa ajili ya asichokijali. Mliwakosea katika kauli ya kwanza, na badala ya kukiri mkarukia ya pili.

Wakenya walipita njia hiyo kabla yetu. Kuelekea uchaguzi wa 2022, takwimu za tume yao ya uchaguzi, IEBC, zilionyesha kuwa vijana walioandikishwa walipungua kuliko 2017, na wachambuzi wa Nairobi wakaimba wimbo ule ule wa kizazi kisichojali. Juni 2024 kizazi hicho kikaijaza miji kupinga Muswada wa Fedha. Tarehe 25 wakaingia bungeni, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Walikuwa wameusoma muswada kifungu kwa kifungu, wakatafsiriana kwa lugha za nyumbani kwenye simu hizo hizo tunazodai zimewaharibu.

Mimi ushahidi wangu wa karibu naupata sokoni. Mpwa wangu ni mchuuzi wa samaki, ananunua mnadani pale ufukweni, karibu na forodha ya zamani ya Wajerumani. Yeye na wenzake waliunda kikundi ili waombe mkopo wa jokofu kutoka ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kwa sheria 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Wakaandika katiba ya kikundi, wakafungua akaunti, wakapiga picha za pasipoti. Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo hiyo nchi nzima, baada ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, kufichua mabilioni ambayo hayajarejeshwa na vikundi hewa vilivyokopeshwa. Haikurudi hadi Julai 2024. Nilimkuta asubuhi moja mnadani, magamba ya changu yamemganda hadi kwenye kucha, anaisukuma ripoti hiyo kwa kidole gumba, ukurasa kwa ukurasa, dalali akiita bei juu ya kichwa chake. Akaniuliza, "Mjomba, hivi vikundi hewa vina wenyewe. Mbona majina yao hayamo humu?" Aliuliza tena kwenye mkutano wa hadhara. Mwenyekiti akamwambia swali lake lipo nje ya ajenda.

Kama hiyo si siasa, basi mniambie siasa ni nini. Kijana anayefuatilia fedha ya umma mpaka kwenye jedwali, kisha akainuka mbele ya watu kuuliza, amefanya zaidi ya wapiga kura wengi ninaowajua wa rika langu, ambao kila miaka mitano huchukua kanga na fulana na kurudi nyumbani.

Na hapo kuna jambo lingine linaloniudhi. Vijana pekee wanaokaribishwa majukwaani ni wale wa kucheza. Kampeni huja na wasanii, spika zinatikisa madirisha ya Dunda usiku kucha, vijana wanaitwa kujaza uwanja, kisha mikrofoni anashika mwenye mvi. Mwenye kipaji cha kusifu anakuwa chawa, anapata gari. Mwenye swali anaambiwa hana adabu. Tuna chuo cha sanaa mjini hapa, vijana wenye sauti na akili za kuandika maigizo ya kuitetemesha nchi, na tunachowaagiza wakati wa uchaguzi ni ngoma ya kumpokea mgeni rasmi.

Tusisahau nchi hii ilijengwa na nani. Julius Nyerere alikuwa na miaka 32 TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954. Salim Ahmed Salim alipelekwa Misri kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na miaka 22, umri ambao leo tunamwambia kijana aende kwanza akafungue mlango wa ofisi. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwafukuza karibu 400, lakini maneno yao kuhusu mishahara minono ya wakubwa yalimchoma, akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha. Wanafunzi hao nao waliitwa watovu wa nidhamu.

Hapa kwetu vijana wana sababu ya ziada ya kutotuamini. Mtoto aliyekuwa darasa la pili Oktoba 2015, siku Rais Kikwete alipoweka jiwe la msingi la bandari ya Bagamoyo kule Mbegani, mwaka 2025 alikuwa na kadi ya mpiga kura. Mkataba ulisainiwa 2013, jiwe likawekwa 2015, Magufuli akausimamisha mradi 2019, Rais Samia akasema 2021 utafufuliwa. Katika kila kampeni ndani ya muda huo bandari ilihutubiwa. Kuanzia Zinga hadi Mlingotini wapo waliokua wakiambiwa wasiache shule, ajira zinakuja. Sasa ni watu wazima, wanaendesha bodaboda. Tunataka wasikilize hotuba ya nne kwa moyo uleule wa ya kwanza?

Diwani hawamjui, mzee wangu alilalamika. Na yeye diwani anawajua? Alikuja lini kijiweni kwao isipokuwa mwezi wa kampeni?

Kama kweli tunawataka, mlango wa kufungua unajulikana. Katiba yetu haimruhusu mtu kugombea bila kudhaminiwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani miaka mingi, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ndani ya nchi yetu, ikaamua kwamba katazo hilo linavunja haki za raia. Mtikila ameshafariki, na uamuzi haujatekelezwa. Mpwa wangu anataka kugombea uenyekiti wa kitongoji. Umri umetosha, majirani wanamtaka, masuala ya ushuru wa mnadani anayajua kuliko yeyote. Kadi ya chama hana na hataki kuchukua. Sheria inamwambia akae pembeni, na sisi tukimkuta pembeni tunamuuliza kwa nini hajali.