Mfupa Nao Huomba Kazi

Kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Nyalukemba alianguka kutoka kwenye pikipiki, akavunjika mfupa wa paja. Mashirika yetu ya kikristu yalichanga, kwaya ikaimba mara mbili kwa ajili yake, na fedha ya upasuaji ikapatikana upesi kuliko tulivyotazamia. Tulimtembelea hospitalini kwa zamu, tukasali rozari kando ya kitanda chake. Alipotoka tulimshukuru Mungu, kisha sisi wakubwa tukamwambia: "Mwanetu, sasa pumzika, usijichoshe." Daktari alikuwa amemwandikia vipindi vya tiba ya viungo, ile ambayo sote hapa mjini twaiita kine. Alikwenda mara tatu, akaacha. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba kine nayo hulipiwa, na pikipiki ya kumfikisha huko hulipiwa pia. Miezi michache baadaye mfupa ulikuwa umeunga, lakini goti lilikuwa limekaza, paja limekonda, na mpando wa kutoka Muhumba hadi barabara kubwa ulimshinda.

Kosa hilo ni letu, wala hatulitaji ili kumwaibisha mtu. Twalitaja kwa sababu ushauri tuliompa ulitoka katika mapenzi, na bado ulimdhuru. Tulidhani kwamba mfupa uliovunjika ni kama chungu kilichogandishwa: ukikiweka pembeni bila kukigusa, kitadumu.

Mfupa si chungu. Ni kiungo hai, chenye damu na mishipa ya fahamu. Ndani yake zimo chembe zinazobomoa sehemu zilizochakaa, na nyingine zinazojenga upya mahali pale pale, nasi hatusikii lolote. Kwa mtu mzima, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya mifupa yake hufanywa upya kila mwaka. Na ni nini kinachoziongoza chembe hizo kujua wapi pa kuongeza na wapi pa kupunguza? Ni uzito na mvuto. Mguu unapotua chini, msuli unapouvuta mfupa, mfupa hupindika kidogo mno, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Chembe zilizomo huhisi mpindiko huo na kuita mafundi. Mahali pasipoguswa na kazi, mafundi hawaitwi, na wabomoaji huendelea peke yao. Mpasuaji Mjerumani Julius Wolff aliandika habari ya jambo hili mwaka 1892, kwamba mfupa hujitengeneza kufuatana na mzigo unaoubeba.

Ushahidi ulio wazi kabisa umetoka mbali na dunia yetu. Wanaanga wanaokaa miezi kadhaa mahali ambapo mwili hauna uzito hupoteza kiasi cha asilimia 1 hadi 1.5 ya mifupa ya nyonga kwa kila mwezi. Ni watu wenye afya, waliochaguliwa kati ya maelfu, nao hula chakula kilichopimwa. Hata hivyo hulazimika kufanya mazoezi karibu saa mbili kila siku ili wasirudi nyumbani na mifupa dhaifu. Basi tufikiri juu ya mgonjwa wetu aliyelala kitandani wiki nane huku tukimsifu kwa utulivu wake.

Kwenu ninyi vijana jambo hili lina haraka yake. Mifupa huwekewa akiba katika ujana. Katika miaka miwili tu ya kukua kwa kasi, wakati wa kubalehe, mwili hujiwekea kiasi cha robo ya madini yote ya mifupa ya utu uzima, na kabla ya kutimiza miaka 30 akiba imefikia kilele chake. Baada ya hapo kazi kubwa ni kulinda kilichopo. Kwa wanawake, hedhi inapokoma, akiba hiyo hupungua kwa kasi zaidi. Nyanya anayeteleza uani na kuvunjika nyonga mara nyingi analipia pia miaka ya usichana wake. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linawashauri walio kati ya miaka 5 na 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na angalau siku tatu kwa juma yawemo yale yanayoimarisha misuli na mifupa: kukimbia, kuruka, kucheza mpira, kupanda milima. Bukavu, kwa bahati, haina upungufu wa milima. Vijana wa Nguba wanaojisifu kwa kuogelea ziwani watuwie radhi: kuogelea kwafaa sana moyo na mapafu, lakini maji huubeba mwili, na mifupa haipati kazi ya kutosha. Kamba ya kuruka huishinda kwa jambo hili.

Hapa tunafika kwenye neno linalotuuma. Katika vikundi vyetu, wavulana wakitoka katekesi hukimbilia mpira. Wasichana hubaki kufagia na kupanga viti. Tukiuliza, tunajibiwa kwamba binti hahitaji mchezo, kwani kazi za nyumbani na mizigo ni mazoezi tosha. Hatukubali. Watazameni mama zetu wanaoshuka kutoka Kabare na Walungu, kamba kwenye paji la uso, gunia mgongoni. Zoezi lina kipimo: huanza na kidogo, huongezwa taratibu, hufuatwa na pumziko na chakula. Mzigo wa yule mama hauna kipimo ila bei ya sokoni. Hubeba leo akiwa na njaa, kesho akiwa na mimba, na kinachochakaa ni shingo, mgongo na magoti. Kumwambia binti yake kwamba huo ndio mchezo wake ni kuyapaka mafuta mateso. Binti naye apewe kamba, mpira na saa yake.

Chakula nacho hakiwezi kusahauliwa, maana fundi bila matofali hajengi. Sambaza, wale samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huliwa pamoja na mifupa yao, na kwa hiyo hutupatia madini ya kalisi. Maziwa na mashanza vilevile. Jua hutusaidia kutengeneza vitamini D, nalo halidai malipo.

Wako waamini wazuri wanaotupinga kwa Maandiko. Husema kwamba Paulo alimfundisha Timoteo kuwa faida ya kuuzoeza mwili ni ndogo ikilinganishwa na ile ya utauwa. Ni kweli, wala hatutaki kuweka kamba ya kuruka mahali pa rozari. Lakini faida ndogo ni faida, na Paulo huyo huyo alipotaka kuwaeleza Wakorintho maisha ya mkristu, aliwaonyesha mkimbiaji uwanjani, na mwili akauita hekalu. Zaidi ya hayo, mji huu una mapokeo yake. Mwaka 1952, hapa hapa Bukavu, Padre Georges Defour wa Wamisionari wa Afrika alianzisha Xaveri, naye hakuona haya kuwafunza vijana sala na michezo chini ya bendera moja.

Wengine huacha kine kwa sababu ya aibu, hasa aibu ya magongo. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, aliyependa milima tangu ujana wake, alivunjika mfupa wa paja mwezi wa Aprili 1994 na kuwekewa nyonga ya bandia. Baada ya hapo ulimwengu wote ulimwona akitembea na fimbo, naye aliendelea kusafiri. Anayetaka mfano wa karibu zaidi aende Heri Kwetu, akawatazame watoto wenye ulemavu wakijifunza hatua moja baada ya nyingine. Mtaalamu wa kine hapunguzi maumivu kwa kukanda tu, kama wengi wanavyodhani. Anajua lini mfupa unaweza kubebeshwa uzito na kiasi gani, anarudisha mpindo wa goti kidogo kidogo, anafundisha mazoezi ya kufanya nyumbani. Kumwacha na kwenda kukandwa na kila mtu, mfupa ukiwa haujaunga, ni hatari.

Tunapendekeza, basi, kwamba kila mchango wa mgonjwa aliyevunjika utenge tangu mwanzo sehemu ya kine na ya usafiri, kabla fedha haijaisha. Na kwamba kikundi cha vijana kiandike majina ya wawili wawili watakaomsindikiza. Ni tendo la huruma kama kumtembelea hospitalini, ila ni refu zaidi na halina nyimbo.

Kijana wetu wa kwaya amekubali kuanza tena. Anakwenda kila Jumanne na Ijumaa saa tatu asubuhi. Jumanne ijayo tayari ina wasindikizaji. Ijumaa bado yatafutiwa mtu mmoja.